Refa Aliyekuwa Hanywi Maji

Ukifika Ngokolo, mjini Shinyanga, ukamuulizia Chausiku binti Salmini, unaweza kuzungushwa mitaa miwili bila jibu. Muulizie refa Chausiku, na mwenye genge ataacha kupima nyanya akuoneshe geti lake kwa kidole.

Urefa aliuanza kidato cha tatu, siku mwamuzi wa pembeni aliposhikwa na tumbo kabla ya mechi ya shule na mwalimu wa michezo akamtupia kibendera mtu aliyekuwa jirani. Aliyekuwa jirani ni Chausiku, msichana mrefu, mwembamba, ambaye kwao mpira ulisikilizwa redioni kila Jumamosi. Alikimbia na mstari dakika zote tisini bila kukosea kuotea hata mara moja. Mzee Salmini, baba yake, muuza vitenge ambaye babu yake aliingia Tabora akitokea pwani, hakufurahi sana. Alimpa sharti moja tu: avae suruali ya kubana chini ya kaptula, na kilemba kichwani. Chausiku akakubali, akasoma kozi za uamuzi moja baada ya nyingine, na alipoolewa na Abdulhalim, wakala wa mizigo pale bandari kavu ya Isaka, tayari alikuwa anachezesha ligi ya mkoa.

Uzazi wa kwanza ulileta mapacha, Kulwa na Doto, wakatoka salama, na mama yao akarudi uwanjani. Uzazi wa pili ndio uliomvunja. Mtoto alikuwa mkubwa, uchungu ukamshika mchana ukamwachia alfajiri ya pili, na alipotoka huyo Salmini mdogo, wakunga walimpitisha mkono kwa mkono wakishangaa uzito wake. Chausiku alikwenda nyumbani akiwa na mtoto mzima na mwili ambao haukuwa wake tena. Akikohoa, mkojo unatoka. Akicheka, unatoka. Akiinua ndoo, vivyo hivyo. Alijiambia ni uchovu wa uzazi, utaisha. Mtoto akakaa, akatambaa, akatembea, na hali ikabaki ile ile.

Mtu mwingine angeacha urefa. Chausiku hakuweza. Uwanjani ndipo mahali pekee alipojisikia ni mtu kamili, basi akaanza kutafuta njia za kujificha. Nguo za waamuzi ni nyeusi, hilo lilimsaidia. Alivaa pedi mbili, na juu yake kipande cha kanga alichokikunja vizuri. Na maji akaacha kuyanywa. Siku ya mechi alikuwa haweki kitu kimiminika mdomoni toka alipoamka hadi kipenga cha mwisho. Ramadhani ilimpa nafuu ya ajabu, maana mwezi ule hakuna aliyemuuliza mbona hanywi.

Nyumbani nako alijitenga. Udhu ulikuwa haudumu, kwa hiyo kila swala alitawadha upya akasalia chumbani kwake, hata Ijumaa alizozipenda za kukaa na wanawake wenzake msikitini zikaisha. Akahamishia godoro lake chumba cha watoto, akisema Salmini anakohoa usiku. Abdulhalim alimwangalia tu. Kazi ya Isaka ikazidi kumshika. Alikuwa akirudi Ngokolo mara moja kwa juma, halafu mara moja kwa majuma mawili.

Mambo yalifichuka Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Wachimbaji wadogo walikuwa na mashindano yao ya kila mwaka, kila duara, yaani kila shimo la kuchimbia, na timu yake, na bingwa anapewa ng'ombe. Watu walijaa mpaka juu ya mawe ya karasha, mashine za kusagia mwamba. Jua lilikuwa kali na vumbi jeupe limetanda. Kipindi cha pili, timu moja ikiwa inashambulia upande wake, Chausiku aliinua kibendera kuonesha kuotea, akaona uwanja unageuka njano, kisha mweusi. Akaanguka na kibendera chake mkononi.

Alizinduka chini ya turubai la huduma ya kwanza. Aliyekuwa akimpepea ni muuguzi wa zahanati ya pale, mwanamke wa Tarime mwenye sauti nzito, jina lake Bhoke. Alimsogezea chupa ya maji mdomoni. Chausiku akageuza uso.

"Kunywa, dada."

"Sitaki. Nitakunywa mechi ikiisha."

"Mechi yako imeisha. Kibendera kashika mwingine." Bhoke akaiweka chupa chini, akamtazama vizuri. Yeye ndiye aliyemlegeza mkanda alipobebwa kuja pale, na aliona kile kipande cha kanga. Aliwaambia vijana wawili wa msalaba mwekundu wakaangalie mchezo, akangoja waende. "Unaogopa kunywa kwa sababu mkojo unakutoka. Toka lini?"

Chausiku hakuwahi kulisikia jambo hilo likisemwa kwa sauti. Alitaka kukana, lakini machozi yalitangulia. "Toka nimzae huyu wa mwisho. Ana miaka minne sasa."

"Miaka minne umekimbia hivyo?"

"Nimekimbia hivyo."

Bhoke akatikisa kichwa, si kwa huruma, kwa namna ya mtu anayemstahi mwenzake. "Basi sikiliza. Hii si laana na si uchafu. Ile misuli inayoshika kibofu ililegea kwenye uzazi. Kuna mazoezi yake, na mazoezi yakishindwa kuna operesheni. Yupo daktari Mwanza anaitwa Theonest, kazi yake ni hiyo. Kwanza kunywa maji haya yote, halafu ukifika nyumbani umwambie mumeo."

Maji aliyanywa yote. La mume lilikuwa gumu zaidi.

Ijumaa iliyofuata Abdulhalim alirudi kutoka msikitini, akala, akakaa barazani na kahawa yake. Chausiku akamwambia anataka kuzungumza naye. Yule bwana akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyekuwa akiingoja habari mbaya.

"Kama unataka talaka, Mama Kulwa, sema tu. Sitapiga kelele."

Chausiku alipigwa na butwaa. "Talaka ya nini?"

"Umehama chumba mwaka wa pili huu. Nikikusogelea unasogea. Nilidhani umenichoka, au kuna mtu huko viwanjani."

Hapo alimweleza kila kitu, toka uchungu wa Salmini mpaka turubai la Kakola, akiwa ameinamisha uso chini. Alipoinua macho alimkuta Abdulhalim amejishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mimi nalala Isaka kwenye kiti cha ofisi," alisema, "kumbe wewe unalala humu unaogopa kunilowesha. Tumekuwa wajinga wawili ndani ya nyumba moja." Halafu akauliza huyo daktari wa Mwanza anaonana na watu siku gani.

Daktari Theonest alikuwa mtu wa maneno machache na miwani iliyokuwa haikai puani. Hakukimbilia kisu. Alimpa mazoezi ya kubana na kuachia misuli ya nyonga, akamwambia ayafanye kila siku kwa miezi kadhaa kisha arudi. Chausiku, ambaye mazoezi kwake ni kama chakula, aliyafanya akichambua mchele, akisubiri foleni benki, akisikiliza hotuba za viongozi kabla ya mechi. Yalimsaidia. Kucheka akaweza, kuinua ndoo akaweza. Ila akikimbia kwa kasi, bado mkojo ulimtoka.

"Basi tunakwenda hatua ya pili," daktari akasema. "Nitachukua ukanda mdogo wa utando wa misuli ya tumbo lako mwenyewe, niupitishe chini ya njia ya mkojo, uishikilie kama mkono unavyoshika kitu kisianguke. Lakini nisikudanganye. Wengi hubaki wakavu kwa miaka mingi. Wapo wachache hali huwarudia kidogo kidogo. Wapo wanaopata tabu kukojoa siku za mwanzo. Na kama bado unataka watoto, uzae kwanza ndipo uje."

"Watatu wananitosha," Chausiku alisema. Abdulhalim, aliyekaa kando yake, akaitikia kwa kichwa.

Aliyekataa ni Bi Sikujua, mama yake Abdulhalim, aliyekuwa akiishi nao toka afiwe na mumewe. Alikuwa bibi mnadhifu, hatoki nje ila kwa msiba wa karibu, harusi hahudhurii, safari hataki hata ya kwenda Kahama.

"Mnampeleka mtoto wa watu akapasuliwe kwa jambo la kawaida," alimwambia mwanawe. "Mwanamke aliyezaa anavuja. Sisi tumekaa nalo, tumezeeka nalo, na hakuna aliyekufa."

"Mama, mimi nataka kukimbia," Chausiku alisema.

"Unakimbilia wapi, mwanangu?"

Bima ya kazini kwa mumewe ililipa, tarehe ikapangwa, Chausiku akaenda.

Operesheni yenyewe ilikuwa fupi. Kilichomtisha ni kilichofuata. Walipomtoa mpira wa mkojo, mkojo ukakataa kutoka kabisa. Yeye aliyeteseka miaka yote kwa kushindwa kuuzuia, sasa alikaa chooni akiuomba. Wakamrudishia mpira, akaruhusiwa kwenda nyumbani nao ukiwa umening'inia chini ya dera. Juma zima aliwaza kwamba amejiharibu kwa kiburi cha mpira wa miguu, na kila Bi Sikujua alipopita mlangoni alingoja kusikia neno. Bi Sikujua alimletea uji, akakaa pembeni ya kitanda akishona kofia.

Aliporudi Mwanza, mpira ukatolewa, na safari hii mambo yakaenda yenyewe, taratibu lakini yakaenda. Muuguzi aliyekuwa akisikiliza nje ya mlango akampigia makofi.

Ushindi wenyewe aliujua jikoni kwake. Ilikuwa yapata mwezi wa pili nyumbani. Doto alikuwa akikaanga pilipili kavu kwa ajili ya kachumbari, akaziachia zikaungua, na moshi wake ukajaa nyumba. Chausiku aliingia kuzima jiko, akapiga chafya. Akapiga nyingine, na nyingine, mpaka akashika ukuta. Zilipokwisha alisimama akijisikiliza. Hakuna kitu. Kukavu. Akavuta moshi tena kwa makusudi, akapiga chafya nyingine, halafu akaanza kucheka machozi yakimtoka, mwanawe akimtazama kama aliyerukwa na akili. Bi Sikujua alikuja mpaka mlangoni, akaona, akarudi chumbani bila kuuliza.

Daktari alipomruhusu, alianza kutembea asubuhi kuzunguka uwanja wa Kambarage, kisha kutembea na kukimbia, kisha kukimbia tu. Chupa ya maji aliibeba mkononi. Mzee Bujiku, mkuu wa waamuzi wa mkoa, alimkuta hapo siku moja, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, nilisikia umestaafu."

"Nani kasema, mzee wangu?"

"Watu. Miezi mingi hujaonekana, na siku ile ya Kakola ulianguka."

"Niandikie jina kwenye mtihani wa mbio," Chausiku akamwambia.

Waamuzi waliofika siku ya mtihani walikuwa wengi, na wengi wao vijana wa kiume waliokuwa na umri wa wadogo zake. Mbio zile ni za kupasua mapafu: unakimbia kwa kasi, unatembea, unakimbia tena, kipenga kikikukuta nje ya alama umefeli. Vijana walidondoka mmoja mmoja, wakalala kwenye nyasi. Chausiku alimaliza mzunguko wa mwisho akiwa wima, akaenda kwenye pipa la maji, akanywa vikombe viwili mbele ya watu wote, akajifuta mdomo. Hakuna aliyejua kwa nini alikuwa anatabasamu vile. Mzee Bujiku alipitisha jina lake kuwa mwamuzi wa kati, si wa pembeni tena.

Ndivyo alivyofika Geita na filimbi yake. Fainali ya kanda, timu mbili za mji wa dhahabu, mvua imenyesha toka asubuhi na uwanja umekuwa matope. Zikiwa zimebaki dakika chache, timu zikiwa sare ya bao moja kwa moja, beki mmoja aliokoa mpira mrefu kutoka langoni kwake, shambulizi likageuka ghafla na mchezo wote ukahamia upande wa pili. Chausiku aliruka dimbwi, akakata katikati ya wachezaji, akafika kwenye eneo la hatari karibu sawa na mshambuliaji. Aliuona mguu wa beki wa upande ule ukigusa mpira kwanza na kuutoa nje, safi kabisa, kabla mshambuliaji hajaanguka. Uwanja mzima ulipiga kelele za penalti. Yeye akaonesha kona.

Nahodha wa timu iliyokuwa ikishambulia alimjia akiwa amefura. "Refa, hujaona?"

"Nimeona. Nilikuwa hapa," akamjibu, akionesha alama za viatu vyake kwenye matope, hatua chache tu kutoka mahali penyewe. "Wewe ulikuwa wapi?"

Nahodha aliitazama ile alama, akatazama alikotoka yeye, akarudi kupiga kona. Mechi ikaenda matuta, yaani mikwaju ya penalti, bingwa akapatikana, na jioni ile hata kocha wa walioshindwa alikuja kumpa mkono. Abdulhalim alikuwa jukwaani na watoto watatu, amelowa chapachapa, anamwambia kila aliyekaa karibu kwamba yule wa kati ni mkewe.

Miaka ikapita hivyo, ya kazi na ya furaha. Si kwamba hakutishika tena. Mwaka wa sita hivi, kifua kilimbana mwezi mzima, akaanza kuona matone, na kila baada ya muda mfupi anataka kwenda chooni. Alikesha akiamini ule ukanda umekatika. Akarudi kwa Daktari Theonest, akapimwa, ikaonekana ni maambukizi ya njia ya mkojo. Akapewa dawa, akaambiwa arudie mazoezi aliyokuwa ameyaacha kwa kujisahau. Matone yakakoma. Haja ya ghafla ilibaki kumjia mara moja moja, hasa akiwa amekunywa chai nyingi, naye akajifunza kuishi nayo bila hofu.

Hivi karibuni, mwaka wa kumi ukiwa umeingia toka operesheni, daktari aliwaita wanawake aliowapasua miaka ile ili aone ilivyodumu. Walikaa kwenye benchi moja refu, wake wa wakulima, walimu, mama mmoja mponda mawe kutoka machimbo ya Geita, na baada ya kusalimiana wakaulizana bila haya. Wengi walikuwa wazima. Mwalimu mmoja alisema kwake hali imerudi kidogo, anavaa pedi nyembamba akisafiri. "Lakini ningeambiwa nichague tena, ningepanda kitanda kile leo," alisema. "Nilikuwa sifundishi nimesimama. Sasa nasimama."

Zamu ya Chausiku ilipofika, walimnywesha maji mpaka kibofu kikajaa, wakamsimamisha, wakamwambia akohoe kwa nguvu zake zote. Alikohoa kama anayefukuza mwizi. Daktari Theonest, nywele zake sasa nyeupe, akainama, akatazama, akarekebisha miwani.

"Pakavu," alisema. "Bado unachezesha?"

"Uwanjani nimeshawaachia wadogo. Sasa nafundisha waamuzi wa kike wa mkoa. Nakimbia nao kila Jumamosi."

"Wanakupita?"

"Wawili tu."

Alirudi Ngokolo na habari hizo, akazisimulia mezani wakila. Abdulhalim akaondoka kwenda Isaka, watoto wakatawanyika, akabaki Bi Sikujua akikusanya makombo kwa kiganja, kwa muda mrefu kuliko makombo yenyewe.

"Huyo daktari," alisema hatimaye, "anapokea na wazee?"

Chausiku aliketi tena. Ndipo alipolisikia upya lile neno alilolisema mama huyu miaka ile: sisi tumekaa nalo. Harusi asizokwenda, safari asizotaka, nailoni aliyoitandika juu ya godoro lake, shuka alizofua mwenyewe alfajiri kabla mtu hajaamka. Akaona aibu kwamba yeye, kati ya watu wote, hakuling'amua.

"Toka lini, Mama?"

"Toka nimzae Abdulhalim. Na siku hizi kuna kitu kinashuka kabisa. Nilikukataza kwa sababu nilikuogopea. Halafu ukapona, nikaona haya kusema." Akakung'uta kiganja. "Nilijua nimechelewa."

"Hujachelewa. Kesho tunapanda basi."

"Njiani je?"

"Njiani nitamwambia dereva asimame kila utakapotaka. Mimi ni refa, Mama. Nimezoea kusimamisha watu."

Bi Sikujua alicheka, akajizuia, kisha akaona hakuna wa kumficha, akacheka sawasawa.

Kizazi ndicho kilichokuwa kimeshuka, na kibofu pamoja nacho. Daktari aliwaeleza kwamba kwa umri ule kupona baada ya operesheni kutachukua muda zaidi, na kwamba huenda asiwe mkavu kwa asilimia mia. Bi Sikujua akamwambia hata nusu ataipokea. Akapasuliwa, akapata zaidi ya nusu. Chausiku alimsimamia mazoezi kama anavyowasimamia waamuzi wake, akimhesabia kwa sauti, na yule bibi akilalamika na kuyafanya.

Miezi kadhaa baadaye mjukuu wa dada yake Bi Sikujua alikuwa akiolewa Tabora. Bi Sikujua alisema atakwenda. Akapakia kanga zake mpya, akapanda gari moshi, akakaa dirishani. Walimtegemea arudi Jumapili. Jumapili alipiga simu, nyuma yake kukisikika vigelegele na ngoma.

"Mama Kulwa, msiningoje wiki hii. Dada yangu hataki kuniachia."

"Umelala vizuri huko, Mama?"

"Wamenipa kitanda chao kile kikubwa, na godoro jipya, bado lina nailoni. Wakataka kuitoa nailoni, nikawaambia itoeni." Wanawake walikuwa wakimwita kwa jina kutoka uani. "Nimelala mpaka jua likanikuta. Haya, naitwa. Nakwenda kucheza."